Kushuka Bila Tawi

Jumapili ile, kabla bugali haijaletwa mezani, Papa Léopold alisimama, akakohoa kidogo, akaisomea nyumba yake tangazo la serikali. Kusimama hakukuwa na lazima. Chumba kilikuwa kidogo, pale mtaani Kadutu, na wasikilizaji walikuwa mkewe Cibalonza, binti yao Agnès aliyekuwa bado ananyonya kidole, na Cirhuza, mdogo wake Cibalonza, ambaye jana yake alikuwa ameleta ndizi kwa baiskeli kutoka Nyantende na sasa hakuwa anasikiliza kitu isipokuwa sufuria. Lakini Léopold alikuwa msomaji wa matangazo katika ofisi moja ya serikali, ambayo haina haja ya kutajwa, na sauti yenye cheo kama kile haisomi ikiwa imekaa.

Kwenye karatasi za ofisi hakuitwa Léopold. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa Zaïre nzima, na huko aliitwa kwa jina la babu yake. Nyumbani marufuku hiyo ilikuwa ikifika mlangoni, inavua viatu, inabaki nje.

"Citoyens na citoyennes, wananchi wote," alisoma. "Kwa ajili ya heshima ya wageni watakaofika kutoka Kinshasa, kuanzia kesho ni marufuku kwa mwenye baiskeli yeyote kuburuta tawi, gogo au kichaka juu ya barabara mpya."

Cirhuza akaacha kuangalia sufuria. "Banasema tawi?"

"Tawi."

"Sasa tutashuka na nini?"

Léopold akaigeuza karatasi, akatazama upande wa pili. Haukuwa na kitu. "Haisemi," alijibu.

Ni lazima ieleweke kwamba barabara ya Nyantende, kabla haijaingia mjini, ina mteremko ambao waendesha baiskeli waliupa jina la Telemuka-na-Yezu. Baiskeli inafika pale juu imebeba mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, mzigo ambao dume la ng'ombe lingeufikiria mara mbili, na breki zake za kiwandani zilikwisha kufa siku nyingi. Hata zingekuwa hai, mpira wake ungeyeyuka kabla ya kona. Basi kila mmoja hukata tawi bichi lenye majani mengi, analifunga kwa kamba nyuma ya mzigo, na tawi linaburuta, linakwaruza, linavuta, na mtu anafika chini akiwa bado anaitwa kwa jina lake. Tawi hilo walilipa cheo cha mama mkwe, kwa sababu linakufuata kila mahali, linanung'unika njia nzima, na bila lenyewe ungekwisha kuharibika. Wengine, wakitoka misani, walisema: heri wenye tawi, maana hao wataliona soko.

Kuna atakayeuliza kwa nini wasipunguze mzigo. Huyo hajapanda kilima kile mara mbili kwa siku moja.

"Papa Agnès," Cibalonza alisema, akiweka bugali mezani, "wewe ulisoma kwa ndizi za baba yako. Zile ndizi zilikuwa zinashuka na nini?"

"Na tawi."

"Basi unajua."

"Niko najua. Lakini mimi ni musomaji, siandike. Banaandika wengine, mimi nasoma." Alikaa, akanawa mikono. "Barabara ilitiwa goudron, hii lami, kwa Salongo, ile kazi ya lazima, watu wote walitoka kubeba mawe. Chef wa ofisi anataka iwe kama kioo. Wageni bakisha kupita, mutafanya vile munataka."

"Na bakichelewa?" Cirhuza aliuliza.

"Wakubwa hawachelewe."

Cirhuza akacheka kwa mdomo uliojaa, na kwa kuwa alikuwa mgeni na shemeji, haikuwezekana kumwambia aache.

Kitu ambacho Léopold hakukisema mezani ni kwamba alikuwa ameahidiwa jukwaa. Siku wageni watakapofika, yeye ndiye atakayewatangaza mbele ya umati, si kwa kile kipaza sauti cha mkononi kinachokoroma, bali kwa mikrofoni ya kweli, ile yenye mguu wake. Alikuwa ameanza kufanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea.

*

Jumatatu asubuhi gari la ofisi, likiendeshwa na Gérard, lilisimama juu ya mteremko. Léopold alipanda nyuma, akafunga vifungo vya abacost yake, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, mpaka shingoni, akasoma tangazo kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, halafu, kwa kuwa aliona nyuso haziamini, kwa Kimashi, lugha ya milima ile. Askari mmoja, gendarme aliyeitwa Ignace, alikuwa amesimama na panga mkononi. Kila baiskeli ilipofika, alikata kamba, akalivuta tawi kando ya barabara. Hakuwa mkali. Alifanya kama mtu anayemenya muhogo.

Wa kwanza kuteremka alikuwa Isidore, mchukuzi wa makaa. Nyumba yake kule Nyantende ilipakana na ya wazazi wa Cibalonza. Alimtazama Léopold kule juu ya gari, akavua kofia.

"Muzee Léopold, uniache leo tu. Hii makaa ilinyeshewa, iko nzito."

Léopold aliondoa kipaza sauti mdomoni ili amjibu kwa sauti ya kawaida, kisha akaona Gérard anamtazama kwenye kioo cha gari. Akakirudisha. "Tangazo ni la watu wote," kilikoroma kipaza sauti.

"Basi uniombee," alisema Isidore, na watu waliokuwa kwenye mstari wakacheka.

Alianza taratibu. Alikuwa ameweka mguu wa kulia juu ya gurudumu la nyuma, akilikandamiza kwa sandali yake iliyokatwa kutoka tairi la lori, kama wafanyavyo watu wasio na kitu kingine. Mwanzoni ilishika. Halafu sandali ikaanza kutoa moshi. Léopold aliuona vizuri, moshi mweupe, mwembamba, na akafikiri, bila kutaka, kwamba unafanana na moshi wa mtu aliyetulia na sigara yake. Chini kwenye kona lori la bia lilikuwa linapanda. Dereva wake alipiga honi. Isidore hakuwa na cha kujibu.

Mlio haukuwa mkubwa. Magunia yalipasuka na makaa yakatiririka juu ya goudron mpya mpaka mferejini. Watu wote walikimbia kuteremka. Léopold alibaki juu ya gari, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke.

*

Kesho yake kulikuwa na tangazo jingine. Mkuu wa ofisi, Citoyen Edouard kama watu walivyomwita akiwa hasikii, alikuwa mtu mwenye adabu na mwenye hofu, na mambo haya mawili yalimfanya afanye kazi sana. Alikuwa amefanya uchunguzi, akagundua kwamba baiskeli ya marehemu haikuwa na kengele.

"Sababu ya kifo ni ukosefu wa kengele," alisema. "Utasoma hivyo."

"Citoyen Chef, hata ingekuwa nayo..."

"Utasoma hivyo. Au nimwite mwingine mwenye sauti? Wako wengi."

Léopold akaenda, akasoma. Juu ya mteremko waendesha baiskeli walimsikiliza wakiwa wamekaa kwenye mizigo yao. Mmoja alisema tu, kwa upole, kama anayepokea shauri jema: "Ni sawa. Tutakuwa tunajulisha lori mapema kama tuko nakuja kufa."

Siku hiyo hiyo wawili walijaribu kuteremka kwa miguu, kila mmoja akiizuia baiskeli yake kwa mikono. Mzigo ulimzidi mmoja wao, ukampita, ukamkanyaga mguu. Hakufa. Tangazo halikumhusu.

*

Cibalonza alipanda Nyantende kuhani. Alibeba sufuria ya maharagi kichwani, ile kubwa, maana kwenye kilio mtu haendi mikono mitupu. Léopold aliporudi kutoka kazini jioni alimkuta amekwisha kurudi, amekaa jikoni, na sufuria iko mbele yake. Akafunua. Maharagi yalikuwa yamejaa vile vile, yameganda juu.

"Hawakula?"

"Balikula. Bya wengine." Cibalonza hakuinua kichwa. "Nilifika, nikatua. Muke wa Isidore, Colette, alinisalimia vizuri. Tantine Agathe, ule alikuwa pa jiko, akapokea sufuria, akaiweka pa moto na zingine. Saa ya kupakua, balipakua zote. Yangu ilibaki. Nikasema labda banasahau, nikaisogeza. Mama moja akaisukuma na mguu, pole pole, ikarudi fasi yake."

"Nani huyo?"

"Utamufanya nini? Utamusomea tangazo?"

Léopold akakaa. Katika milima ile, chakula cha kilio hakikataliwi hata kama kimeungua. Kukikataa ni kusema: mkono uliokipika tunaujua ulikotoka. Hakuna hakimu anayesoma hukumu fupi kuliko ile.

"Kisha niliona haya kuacha, niliona haya kubeba," aliendelea Cibalonza. "Nikabeba. Nilishuka mulima na sufuria imejaa, batu bote babaona kama imejaa."

Usiku ulipoanza kuingia walikula maharagi yale wenyewe, kwa kuwa nyumba haikuwa na kingine. Agnès aliyafurahia sana. Léopold alitafuna kila punje peke yake, kama mtu aliyepewa malipizi na padri.

"Cirhuza anashuka Alhamisi," Cibalonza alisema walipomaliza. "Ndizi zinaiva. Zikikaa, zinaoza, na baba yangu hana kingine mpaka mavuno."

"Angoje wageni bapite."

"Ndizi haijue wageni." Alikusanya sahani. "Nitapanda kwa asubuhi, nimusaidie. Yeye atashika velo mbele, mimi nitashika kamba nyuma. Nitavuta."

"Wewe?"

"Tangazo inakataza tawi. Haikusema dada."

"Maman Agnès, ule mzigo utakuvuta kama mbuzi. Utakufa."

"Ndiyo sababu tunaongea."

Léopold aliwaza mambo mengi kwa mkupuo, na inabidi kukiri kwamba hayakuwa yote mazuri. Aliwaza mkewe amelala barabarani. Aliwaza pia Citoyen Edouard akiuliza yule mwanamke anayeburutwa mbele ya gari la serikali ni wa nani. Mawazo yote mawili yalimfikisha mahali pamoja, na yeye mwenyewe hakujua ni lipi lililotangulia.

"Hauendi," alisema.

"Basi tafuta mutu mwenye uzito kunipita," alisema Cibalonza, akamtazama tumbo, wala hakutabasamu.

*

Alhamisi Gérard alisimamisha gari juu ya mteremko kama kawaida. Mstari wa baiskeli ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Watu walikuwa wamefika alfajiri na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Cirhuza alikuwa mbele. Cibalonza alikuwa karibu naye, amejifunga kitenge cha pili kiunoni, na kamba ilikuwa tayari mkononi mwake.

Léopold alishuka garini, akaitwaa ile kamba. Ignace gendarme alitazama kamba, akatazama abacost, akatafuta katika kichwa chake sheria inayohusika, hakuipata.

"Shemeji," alisema Cirhuza, "vua viatu."

"Kwa nini?"

"Chini yake ni ngozi. Goudron itakutelezesha. Miguu inashika."

Léopold alitazama viatu vyake. Alikuwa amevipaka rangi asubuhi. Akatazama mstari mzima wa watu, na gendarme, na Gérard. "Mufanyakazi wa serikali hatembei miguu wazi," alisema.

Cirhuza akainua mabega. "Lakini usizungushe kamba mukononi. Shika hivi tu. Nikikuambia acha, unaachilia, unasikia? Velo ikishindikana, afadhali nife mimi moja."

Léopold akaitikia. Kisha, Cirhuza alipogeuka kushika usukani, aliizungusha kamba kwenye kiganja, mara moja na mara ya pili, akaikaza. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Alifanya kwa sababu alijijua. Jumatatu alikuwa amejiona mwenyewe juu ya gari, na alijua kabisa kwamba mtu yule, akiambiwa aachilie, ataachilia hata kabla ya kuambiwa.

Walianza. Cirhuza alitembea kando ya baiskeli, amelalia usukani kwa kifua. Léopold nyuma, amejipinda kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka josho. Hatua za kwanza zilikwenda vizuri, hata mmoja kwenye mstari akasema, "Mama mukwe ya leo alivaa abacost," na watu wakacheka, na Léopold, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akahisi kwamba kicheko kile kina nafasi yake ndani.

Karibu na kona, viatu vilianza kuimba. Kiatu cha kushoto kilikwenda, cha kulia kikakifuata, na msomaji wa matangazo akakaa chini barabarani kwa kishindo. Hakukaa kwa muda. Mzigo ulimchukua. Suruali yake ilikwisha kabla ngozi haijaanza.

"Achilia," Cirhuza alipiga kelele. "Shemeji, achilia."

Hata kama angetaka, vidole vyake havikuwa tena mali yake. Kamba ilikuwa imekula kiganja. Aliburutwa, akakwaruza, akavuta, akalia kwa lugha zote alizosomea tangazo. Uzito wake uliinyima baiskeli ile mbio ambayo ingeipeleka katikati ya barabara, ambako gari la mchanga lilikuwa linakuja linapiga honi. Cirhuza aliona nafasi, akausukuma usukani wote upande wa mlima, na baiskeli, ndizi, kijana na afisa wakaingia pamoja kwenye mfereji. Mfereji ulikuwa umesafishwa vizuri kwa Salongo. Gari la mchanga likapita.

Cirhuza aliinuka wa kwanza. Bega lilikuwa limeshuka upande mmoja na shavu lilikuwa na udongo. Alimtazama shemeji yake, aliyelala kifudifudi kwenye ndizi zilizopondeka.

"Nilikuambia usizungushe," alisema.

"Nilisikia," alijibu Léopold.

*

Citoyen Edouard alifika na jeep kabla Cibalonza hajamaliza kukifunga kile kiganja kwa kipande cha kitenge. Alitazama mfereji. Alitazama suruali ya mfanyakazi wake, ambayo kwa nyuma haikuwa tena na habari yoyote. Alikuwa anatoka jasho.

"Wageni wanafika Jumamosi," alisema. "Jumamosi, unasikia? Na wewe uko hapa unavutwa na ndizi. Watu wamekuona. Kesho wote wataleta wake zao, wajomba zao, wavutane hapa. Itakuwa nini barabara hii?" Akatoa kalamu, akaandika juu ya boneti ya jeep, haraka, akakata neno, akaandika tena. Akampa karatasi. "Panda na Gérard, usome. Ni marufuku pia kwa mtu kushikilia baiskeli kwa kamba. Ukisoma vizuri, mimi sikuona kitu. Jumamosi utasimama kwenye mikrofoni yako kama tulivyosema."

"Na bo bashuke na nini, Citoyen Chef?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Citoyen Edouard, na ilionekana kwamba kweli hakujua, na kwamba jambo hilo halikumpa usingizi tangu Jumatatu.

Léopold alipanda gari, ambalo Gérard alikuwa amelishusha nyuma yao. Hakuweza kukaa, kwa sababu zinazoeleweka, kwa hiyo alipandishwa mlima amesimama. Cibalonza alipanda naye, nyuma yake, ameshika kile kitenge cha pili ili kimfunike. Gérard aliendesha polepole kuliko siku zote.

Juu, mstari ulikuwa pale pale. Walimwona, na safari hii hawakucheka. Alikiweka kipaza sauti mdomoni kwa mkono wa kushoto, karatasi akaishika kwa ule uliofungwa, akaitazama. Mwandiko wa Citoyen Edouard ulikuwa mzuri. Alikuwa amesomea kwa mapadri. Léopold aliusoma wote kimyakimya mpaka sahihi. Kisha akaikunja karatasi.

"Tangazo," alisema. "Isidore wa Nyantende, mchukuzi wa makaa, mume wa Colette, alikufa Jumatatu kwenye kona ile. Kengele haikumuua. Alikufa kwa sababu tulimkata tawi." Kipaza sauti kilikoroma. Alingoja kimalize. "Mwisho wa tangazo."

Akairudia kwa Kifaransa, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyopasa, halafu kwa Kimashi. Kwa Kimashi sauti yake iliharibika katikati na hakuna aliyejali. Gérard alikuwa ametoa funguo za gari, ameziweka mfukoni, anatazama mbele kama mtu asiyesikia lugha yoyote kati ya zile.

Halafu mzee mmoja mwenye magunia mawili akainuka, akavuka barabara, akaenda hadi kwenye rundo la matawi yaliyokamatwa tangu Jumatatu, akasimama mbele yake bila kuligusa. Wengine wakamfuata. Wote wakamgeukia Ignace gendarme.

Ignace alitazama panga lake. Alitazama upande wa chini, ambako jeep ilikuwa ndogo kama kiberiti, halafu akalitazama rundo.

"Mukamate zenye majani," alisema. "Zile kavu nilisha kuahidi bibi yangu."